Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tegu, Kondoo na Mbwa Wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina, na uchaguzi wa kamati uko kwenye ajenda. Mimi nitazungumzia tegu, yule mnyoo mrefu bapa wa mbwa, maana ndiye aliyenipigisha simu nyingi mwaka huu, nyingine za hasira.

Hasira hizo nazielewa. Unapeleka kondoo wamenona, hawaharishi, hawajakonda, halafu unaambiwa nyama imekataliwa. Nikaomba ruhusa nisimame kando ya mkaguzi wa nyama machinjioni. Alichukua moyo, akaukata, akanionyesha vifuko vyeupe vimejipachika kwenye msuli kama punje za mchele. Alipokitumbua kimoja, yakatoka maji na kidoa cheupe: kichwa cha tegu kinachongoja mbwa akile, kikue tumboni mwake. Moyo wa pili vifuko vilikuwa vimekwisha kufa na kugeuka chokaa, kisu kikawa kinakwaruza kama kimepita kwenye mchanga. Huyo ndiye Taenia ovis, tegu wa kondoo. Binadamu hamdhuru, lakini nani atanunua nyama ya namna hiyo?

Kondoo aliye hai haonyeshi dalili, kwa hiyo ripoti ya machinjio ndiyo macho yetu. Msiitupe. Na someni umri: vifuko vikionekana kwa wanakondoo, mjue mayai ya tegu yaliyotoka na kinyesi cha mbwa yameokotwa kwenye majani msimu huu huu, na mbwa mwenye tegu amepita malishoni juzi tu. Kwa kondoo mzee huwezi kujua ni ya lini.

Wengi mmeniambia, "Mwenyekiti, mbwa nawapa dawa, na bado." Nawaamini. Dawa yenyewe, prazikwanteli, huua tegu aliyemo tumboni siku hiyo, basi. Kesho haina kazi. Mbwa akimeza kidonge asubuhi, jioni akaokota kichwa cha kondoo, anaanza upya. Ikipita miezi miwili hivi, tegu huyo anaangusha pingili, yaani vipande vya mwili wake, kila moja ina makumi ya maelfu ya mayai. Dawa ya kila mwezi inamuwahi kabla hajafika huko. Anayetoa kila miezi mitatu kwa kufuata ratiba ya minyoo mingine anamfuga tegu kwa heshima zote. Tena dawa haiui mayai, kwa hiyo mfungeni mbwa siku mbili baada ya kidonge na mzike kinyesi chake.

Lakini shida yetu kubwa ni nyama mbichi, na nitaanza kujisema mwenyewe. Kalenda ya dawa ya mbwa wangu iko mlangoni, haijaruka mwezi. Siku moja sikufunika shimo la mizoga. Nilimkuta nyuma ya zizi akitafuna shingo, mkia unacheza. Faini ya chama nimelipa, mweka hazina ni shahidi. Nyama ya mbwa ichemshwe hadi ndani, au igandishwe kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10. Kuibabua motoni hakutoshi.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusichanje kondoo. Chanjo ya Taenia ovis ilitangazwa na wanasayansi mwaka 1989, ikawa ya kwanza dhidi ya kimelea kutengenezwa kwa uhandisi wa jeni na kufanya kazi vizuri. Haikuingia sokoni. Tusiingoje.

Wanaosema "si hatari kwa watu" nawakumbusha ndugu yake, Echinococcus granulosus. Huyu ana milimita chache tu, anapita njia ile ile ya mbwa na viungo vya ndani vya kondoo, lakini kwa binadamu hujenga vifuko vikubwa kwenye ini na mapafu. New Zealand walitunga sheria dhidi yake mwaka 1959, wakajitangaza kwa masharti kuwa wameachana naye mwaka 2002. Hesabuni miaka hiyo, halafu mniambie kampeni yetu ya msimu mmoja ilitosha.

Kamati inaleta maazimio mawili. Kwanza, mbwa yeyote mgeni, wa mwindaji, wa mkata manyoya au wa shemeji, asiingie malishoni bila kupewa dawa angalau saa 48 kabla. Pili, mbwa wa majirani wasiofuga kondoo nao wapewe dawa kwa mfuko wa chama, kwa sababu nzi hubeba mayai na hawajui mpaka wa shamba. Hili la pili lina gharama, na najua wapo watakaolipinga. Mwenye marekebisho ampe katibu kabla hatujapiga kura.