Krismasi njema ya 2025 wasee wa gemu ya Daggerfall hapa Nax (Nakuru), mwaka ujao mzee, yaani gemu yenyewe, anafika 30

Wasee wote, wa Section 58, wa Free Area, wa Kaptembwo, wa Lanet, na ata nyinyi wawili mlihamia Naivasha mkafikiri tumewasahau, pokeeni salamu za Krismasi na mwaka mpya. Najua wengine sai mko kwa foleni hapo Gilgil, nauli imepanda vile hupanda kila Desemba, na kuna mtu anasoma hii akiwa amebeba jogoo kwa kikapu na jirani wa kiti anamwangalia vibaya. Poleni. Mkifika mtajua mmefika.

Nilikuwa niandike mistari miwili tu ya heri na baraka nimalize, lakini nikakumbuka grupu imepata watu wapya tangu shule zifunge, na wengi wao ni vijana wa mechi za soka kwa PlayStation ambao wamekuja juu ya kudanganywa na binamu, na juzi mmoja ameniuliza kwa heshima kabisa, mkuu, kwani nyinyi mnacheza nini ya zamani hivi na gemu mpya zimejaa? Basi salamu yangu itakuwa ndefu kidogo. Wenye mnaijua hii hadithi rukeni mkasaidie mama kusukuma chapati.

Daggerfall ni ya 1996. Ni ya pili kwa ule ukoo wa The Elder Scrolls wa Bethesda, kampuni ya Marekani, na ilikuja kwa CD ikichezwa kwa DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani. Kaisari anakutuma ghuba ya Iliac na kazi mbili, utafute barua fulani ya siri ilipotelea wapi, na utulize mzimu wa mfalme Lysandus. Meli yako inazama, unaamka ndani ya dunjoni, yaani mapango ya hatari chini ya ardhi, na panya ndio wa kwanza kukukaribisha. Ukitoka hapo ukiwa hai dunia yote ni yako, na hapa ndio vijana huwa hawaniamini, kuna zaidi ya sehemu 15,000 za kuingia, miji, vijiji, mahekalu, makaburi, na waliotengeneza walijisifu kuwa ardhi yake ni kubwa kama Uingereza. Nyingi zimetungwa na kompyuta yenyewe, sio mtu amekaa akachora kila nyumba, na ukikaa sana utaona vijiji vinafanana, siwezi kuwaficha hiyo. Lakini fika mji wa Daggerfall wenyewe usiku mara ya kwanza, umevaa headphone, taa zimezimwa kwa nyumba, unatembea barabara tupu unatafuta baa ya kulala, alafu sauti inalia kutoka gizani kisasi, kisasi, na huoni mtu. Ni Lysandus na watu wake. Na hawanyamazi mpaka siku utamaliza kesi yao. Picha ni za vipande vipande kama vigae, ata uso wa mtu huwezi kuusoma vizuri, na bado huo usiku unashinda gemu nyingi za kutisha zenye zimetoka hivi karibuni.

Sasa, ilitoka ikiwa mgonjwa. Bagi za Daggerfall, yaani makosa ya programu, zilikuwa maarufu kuliko gemu yenyewe, unatembea kwa dunjoni sakafu inakuachilia unaanguka kwa weusi usio na mwisho, misheni inakwama, sevu, ile rekodi ya mahali umefika, inaharibika. Kampuni ikatoa marekebisho kadhaa alafu ikaendelea na mambo mengine, na hiyo ni haki yao, biashara ni biashara. 2009 wakafanya kitu kizuri, waliiachilia bure kabisa kusherehekea miaka 15 ya The Elder Scrolls, na ndio maana mnaskia tukiwaambia kila siku hakuna haja ya kuiba hii gemu, ni halali, pakua.

Kutoka hapo ni mashabiki. Kuna jamaa anaitwa Gavin Clayton, alianza na vifaa vidogo vya kufungua mafaili ya gemu kuona ndani kuna nini, ikaenda ikakua mpaka akaamua kujenga injini, ile programu inayoendesha gemu, yote upya kwa Unity, kifaa cha kisasa cha kutengeneza gemu, gemu ni ile ile, inasoma mafaili yale yale ya 1996, lakini mwili mpya. Inaitwa Daggerfall Unity. Ni programu huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuangalia ndani na kurekebisha, na watu wakaja, wa nchi tofauti, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, mmoja anashughulika na maji, mwingine na sauti, mwingine kazi yake ni kuhakikisha misheni moja tu ya chama cha wezi inaisha vile ilifaa kuisha. Miaka mingi. Bila mshahara. Na toleo lao la 1.0, lile la kusema sasa imekamilika, lilitoka tarehe 31 Desemba 2023, yaani wakati dunia yote inangoja fataki kuna watu walikuwa wanapandisha mafaili. Mimi hiyo tarehe nimeiweka kwa kalenda yangu kama sikukuu, mke wangu ashazoea.

Na si bahati tu kwamba ilikuwa mwisho wa mwaka, ama ndivyo ninavyoamini mimi. Hii kazi ya kutunza kitu cha zamani haina saa zake, inafanywa kwa masaa yaliyobaki, baada ya kazi, watoto wakilala, na Desemba ndio mwezi ulio na masaa yaliyobaki. Ata sisi hapa angalieni, Januari hadi Novemba grupu ni kimya, mtu anatuma picha ya sevu yake mara moja kwa mwezi, likizo ndefu ikifika ndio fleshi zinaanza kuzunguka, binamu kutoka Nairobi analetwa, laptopu ya mtumba iliyokuwa inafanya kazi ya mahesabu ya duka inapewa kazi nyingine.

Modi, yaani nyongeza ya gemu iliyotengenezwa na mashabiki, ninayoipenda kuliko zote ni ya barabara. Daggerfall ya 1996 haikuwa na barabara kati ya miji. Hakuna kabisa, unatoka lango la mji unakuta nyasi, unachagua mahali kwa ramani unafika, basi. Mtu mmoja wa kujitolea akakaa akachora mtandao wa barabara na njia za miguu wa ghuba yote, inaitwa Basic Roads, alafu kuna nyingine inakuwezesha kusafiri juu ya hizo barabara na farasi wako mwenyewe badala ya kuruka tu kwa ramani. Sisi tumengoja barabara ya Rironi mpaka Mau Summit ipanuliwe miaka nenda miaka rudi, na huyu ameunganisha ufalme mzima usiku usiku kwa chumba chake na hakuna aliyekata utepe. Nikipanda hiyo njia jioni, jua linashuka, na ile modi nyingine ya kuonyesha milima ya mbali ikiwa imewashwa, huwa nakumbuka pale juu Menengai asubuhi ya Desemba bila mawingu, ziwa lote liko chini yako na mji umelala pembeni. Zamani gemu ilikuonyesha hatua chache mbele alafu ukungu. Sai unaona unakoenda.

Kuna mashabiki wa aina nyingine pia, niseme ukweli, wale wanabadilisha kila kitu mpaka haijulikani tena ni gemu gani, ngozi mpya, nyuso mpya, kila mwanamke amekuwa mrembo wa kalenda. Sina vita na wao. Lakini kwa maoni yangu kurekebisha sakafu inayomeza watu ni kazi kubwa kuliko kupaka rangi, na hao mafundi wa sakafu ndio hawapigiwi makofi.

Turudi kwa sikukuu. Ndani ya Daggerfall kuna kalenda yake na sikukuu zake, na tarehe moja ya mwezi wa kwanza ni New Life, mwaka mpya wao. Ukiingia mjini hiyo siku unaambiwa Kaisari ameongeza ushuru tena kwa hotuba yake ya mwaka mpya na watu wananung'unika sana, lakini desturi inaendelea, pombe ni ya bure kwa mabaa yote ya mji. 1996 hiyo, na mtu ameiandika kama ameishi hapa! Hotuba, ushuru, manung'uniko, alafu watu wanakunywa. Vijana ambao hamnywi, soda tutawanunulia sisi.

Na benki sasa. Benki zao zinakopesha, na kila jimbo lina hesabu yake, ukikataa kulipa sifa yako inaharibika kwa jimbo hilo, uvuke mpaka upate benki nyingine haina habari na wewe. Msee wetu wa Free Area amekopa majimbo kadhaa akanunua meli, sai anaishi baharini, na ukimuuliza anasema yeye ni mwekezaji. Namuombea wale wa mikopo ya simu wasisome hii. Alafu dhahabu ina uzito, wapya skieni, vipande 400 ni kilo moja, ukibeba utajiri wako wote mfukoni huwezi ata kuinua mguu, badilisha kwa benki uwe na barua ya hundi.

Mwaka huu pia tumepoteza mtu. Julian LeFay, mmoja wa waliotengeneza Daggerfall, wengi wanamwita baba wa The Elder Scrolls, alifariki Julai 2025. Alikuwa anaumwa saratani, na mpaka karibu na mwisho alikuwa anafanya kazi ya gemu nyingine ya mtindo huo huo na wenzake wa zamani. Kwa gemu kuna mungu wa hekima na mantiki anaitwa Julianos, amepewa jina kutoka kwake, na kuna hekalu zake kwa ghuba. Ile jioni habari ilifika, dada wetu wa Lanet, yule mwalimu, alituma tu picha ya mtu wake amesimama ndani ya hekalu la Julianos, hakuandika kitu. Wengine wakafuata, kila mtu kutoka jimbo lake, mwingine hekalu la mjini, mwingine la kijiji hatujawahi kukiskia. Sijui kama kuna rambirambi nzuri kuliko hiyo kwa mtu aliyejenga mahali.

Sasa habari nzuri. Kwa Daggerfall Unity misheni zinaandikwa kwa maandishi ya kawaida, faili ya maneno tu, nani anatoa kazi, wapi, saa ngapi inaisha, mtu asemeje ukikubali na asemeje ukikataa. Mwalimu na kijana mmoja wa Kaptembwo wameandika moja, kwa Kiswahili, wamekuwa wakiipima tangu Novemba. Mwenye baa anataka mzigo ufike kwa mamake kijiji cha mbali kabla ya New Life, wenye magari ya farasi wamepandisha nauli mara tatu juu ya sikukuu, yeye hawezi kufunga baa, basi wewe ndio unatumwa, na una siku chache. Ukichelewa mama anakwambia keti kwanza ule, lawama baadaye. Hiyo mistari ya mama nimeisoma nikacheka mpaka nikaulizwa kuna nini. Kuna mahali inakwama ukikataa kazi alafu urudi kuikubali, wanaitafuta.

Kwa wapya, haraka haraka. Gemu na injini yake pamoja haifiki GB moja, kwa hivyo bando ndogo inatosha, ama kuja na fleshi. Laptopu ya mtumba ya kawaida inabeba, punguza tu mipangilio ya picha. Weka ile chaguo ya dunjoni ndogo, msiskize wazee wanaosema ni uoga, dunjoni za asili zinaweza kukula wiki nzima na ramani yake inafanana na waya wa stima wa ploti ya Bondeni. Tafuteni uchawi wa Recall mapema, weka alama mlangoni, ukimaliza unaruka nje. Kama tachpadi yako imechoka kuna mpangilio wa kupiga kwa kubofya badala ya kuburuta. Na mkitaka somo la lugha, ukijua lugha ya Orc ama ya majitu kuna uwezekano wakuachilie upite bila vita, kitu mtu yeyote aliyelelewa Nakuru anakijua bila kufunzwa.

Mjadala wa nani apewe totemu, kile kifaa cha nguvu ambacho mchezaji huamua atampa nani, mwisho wa gemu mtauendeleza mezani na wajomba, mimi niko upande wa Gortwog, kiongozi wa Orc, Orc wamefukuzwa ardhi yao vya kutosha, na wale wa Mannimarco, yule mchawi wa wafu, naomba mkae mbali na watoto.

Tunakutana tarehe 27 baada ya chakula cha mchana, kwa fundi wa laptopu pale karibu na stendi, amekubali kutuachia chumba cha nyuma mpaka jioni. Njooni na chaja na extension juu soketi ziko mbili tu, na kama una laptopu ya ziada ilete kuna vijana hawana. Misheni ya mwalimu itachezwa hapo mara ya kwanza mbele ya watu, yeye mwenyewe anasema ana wasiwasi kuliko siku ya matokeo ya KCSE. Anayetoka ushago na ndizi ama njugu hatakataliwa. Krismasi njema kwenu na kwa watu wenu, wasafirini mfike salama, na tukijaliwa mwaka ujao tutatafuta keki ya mzee.