Mwanangu, hilo goti limeonwa na daktari?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kupitia simu ya mama yako. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaniwahi. Nikiuliza habari ya goti unasema "poa baba", kisha mtandao unakatika. Barua haikatiki, itabidi uisome mpaka mwisho.

Ile picha uliyoiweka juzi kwenye status nimeiona. Uliifuta, lakini mdogo wako alikuwa ameshanionyesha. Barafu imefungwa kwenye goti la kushoto, na wewe unacheka. Mama, nimecheza kikapu miaka kumi na mmoja. Barafu ya uchovu huwekwa magoti yote mawili. Ikiwekwa goti moja, lina jambo.

Kwa hiyo nauliza: limeonwa na daktari? Sisemi eksirei. Eksirei inaonyesha mifupa, kano ya ndani haionekani huko, inataka kipimo cha MRI. Na daktari huyo umemweleza yote, au umemwambia "poa" kama unavyotuambia sisi?

Mechi ya Alhamisi nimeitazama. Kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri, nimekaa na kanga ya mama yako mabegani, mbu wananila. Ulivyompokonya mpira yule dada mrefu kwenye robo ya tatu, ukaenda nao mpaka chini ya ringi, ukamwachia mwenzako afunge badala ya kufunga wewe, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sijawahi kukuona umecheza vile. Lakini nimeona pia unavyotua. Unaruka kwa miguu miwili, unatua kwa mguu wa kulia peke yake. Kocha wako ana wachezaji kumi na wawili wa kuwaangalia. Mimi nilikuwa na mmoja tu.

Wasichana wa kikapu hukatika kano ile ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na wengi wao hawajaguswa na mtu. Anatua vibaya, au anageuka ghafla unyayo ukiwa umebaki chini, basi. Ikikatika kabisa, kupona ni kama miezi tisa, na kwa wengine zaidi. Wiki mbili za benchi sasa hivi ni kitu gani mbele ya miezi tisa?

Najua umejifunza wapi kunyamaza. Ile siku ya UMISSETA, mashindano yenu ya shule za sekondari, sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo. Mama yako hunikumbusha akikasirika, na sina la kumjibu.

Na ile video ya Kobe Bryant, yule nyota wa kikapu wa Marekani, niliyokuonyesha, ya Aprili 2013. Kano ya kisigino imekatika, anakwenda mwenyewe kwenye mstari, anapiga mitupo huru miwili, yote inaingia. Nilikuambia huo ndio moyo wa mchezaji. Nikazima simu hapohapo. Sikukuambia kwamba aliporudi Desemba ya mwaka uleule alicheza mechi sita tu, akavunjika mfupa wa gotini, na msimu ukaishia hapo. Ungeiona habari yote pengine ungeiangalia ile video kwa jicho jingine.

Derrick Rose je? Mwaka 2011 alikuwa mchezaji bora wa NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kijana wa miaka 22. Aprili 2012 kano ya goti la kushoto ikakatika. Madaktari walipomruhusu mwaka uliofuata, yeye akasema bado, akakaa nje msimu mzima. Watu wa Chicago, mji aliozaliwa na aliokuwa akiuchezea, wakamwita mwoga. Na huku kwetu kijiweni tulimwita hivyohivyo. Nikikumbuka sauti zilizokuwa kubwa kuliko zote, yangu ilikuwemo. Goti la pili nalo likaja kumsumbua, sitakuficha. Ila Oktoba 2018 alifunga pointi 50 kwenye mechi moja, akalia mbele ya watu.

Goti langu mimi unalijua kwa nje, kwa namna ninavyopanda daladala. Lilipiga "ta" Jumamosi moja mwaka 1998, tukiwa tunaongoza. Kocha akaniuliza, unaweza? Nikamjibu naweza. Simlaumu, aliuliza vizuri kabisa na alinisubiri nijibu. Nikamaliza mechi, na Jumamosi iliyofuata nikafunga bandeji nikaingia tena. Watu huwa nawaambia nilichezewa faulo. Hakuna aliyenigusa.

Wewe ukiulizwa "unaweza?" usijibu haraka.

Kulikuwa na kocha wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Dean Smith, aliyemfundisha Michael Jordan. Alikuwa na utaratibu wake: mchezaji akichoka anainua ngumi, anatolewa, na akijisikia sawa anarudi kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini kocha akikuona umechoka na hukuinua ngumi, anakutoa yeye, na kurudi kwako kunakuwa juu yake. Nimeufikiria sana utaratibu huo wiki hii. Anayeinua ngumi ni yule anayeamini kwamba waliokaa benchi nao wanajua kucheza. Sisi wengine tulidhani tukitoka mchezo utakufa. Nilipotoka mimi, timu ile ilicheza miaka mingine sita.

Na si goti peke yake. Ulipoishiwa hela ya chakula Januari tulikuja kujua Machi, tena kwa mtu wa pembeni. Mama yako hakulala. Tungeweza kutuma, hata kidogo. Hukuinua ngumi.

Smith huyohuyo aliwataka wachezaji wake, wakishafunga, wamnyooshee kidole aliyewapa pasi. Shangazi yako alipopata zamu yake ya upatu aliileta yote mezani ikawa nauli yako, na paa lake likangoja. Hujampigia tangu Septemba. Hakulalamika kwangu, lakini huuliza "mtoto hajambo?" kwa sauti ninayoijua mimi kaka yake. Mpigie. Usimtumie ujumbe, mpigie.

Jingine: omba hao wanaokufadhili huko wakuandikie ufadhili unasemaje mchezaji akiumia. Liwe kwenye karatasi, maneno ya mdomo usiyategemee. Nadhani ndilo linalokuziba mdomo, unaogopa watakurudisha. Wakikurudisha, chumba chako kipo. Mdogo wako amekijaza viatu, lakini kipo.

Yeye amekuwa msumbufu na ile ringi yetu ya nondo. Ananing'inia mpaka bolti zimelegea, nikamwita fundi wa kuchomelea. Tulipoishusha nikaipima. Mama, ilikuwa mita 2.90, na ringi halali ni 3.05. Miaka yote ile umepigia ringi fupi, na aliyeifunga pale ni mimi. Nimekumbuka ulivyorudi unalia siku ya kwanza kwenye kiwanja cha Upanga, mipira yako yote inagonga mbele ya ringi, nikakufokea kwamba huna nguvu mikononi. Sasa imepandishwa. Mdogo wako amenuna, anasema nimemwonea.

Bibi yako amekuja kutoka Tanga, presha imetulia, anakula vizuri ila chumvi anaiiba jikoni usiku. Cherehani ya mama yako imepata mkanda mpya. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, tumeongeza simtanki moja. Ule ufunguo wa sanduku la vyeti vyako uliuweka wapi? Tumetafuta hadi chini ya godoro. Mama yako anataka kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, tusivunje kufuli bure.

Kesho nenda kwa daktari. Ukitoka huko nipigie, saa tatu usiku ya huku, kwenu ni saa sita mchana, simu nitakuwa nimeishika mkononi. Uniambie alichosema yeye, neno kwa neno, hata kama ni kwa Kiingereza.

Bibi anasema uvae soksi, baridi inaingilia miguuni. Nimemwahidi nitaandika.

Baba yako