Hofu ya ugonjwa nayo itibiwe, hata kwa simu

Ndugu Mhariri,

Nina duka la dawa muhimu hapa Masasi, na kuna mteja ambaye wenye maduka wote tunamjua. Zahanati malaria hakuna, presha iko sawa, daktari keshamwambia moyo ni mzima. Bado anakuja vidole viwili viko shingoni akihesabu mapigo, simu mkononi imefunguka kwenye dalili za kansa. Anataka nimpime presha tena. Nikimpima anatulia mpaka jioni. Kesho yuko mlangoni kabla sijafagia.

Mtaani wanasema ana jini. Hospitali anapewa vitamini na kuambiwa "huna kitu". Kweli hana, lakini hofu yenyewe ni ugonjwa, na wapo wanaomaliza hela ya korosho kwa vipimo vya Dar.

Tiba ipo, ya kisaikolojia, ya kubadili mawazo na tabia. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, mwaka 2020 walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 204 wenye hofu hii. Wengine walionana na mtaalamu ana kwa ana, wengine walitibiwa kwa intaneti, wiki 12. Wa intaneti hawakuachwa nyuma. Na mtaalamu alitumia kama dakika 10 kwa wiki kwa kila mmoja wao, wakati wa ana kwa ana walimchukua kama 45. Huku kusini, ambako mwanasaikolojia unamtafuta kwa tochi, dakika hizo si jambo dogo.

Wala si kujisomea tu. Mgonjwa hupewa somo na mazoezi, anaandika yaliyomkuta, mtaalamu anamjibu. Anajifunza kuacha kujipapasa, kuacha kupekua dalili, kuacha kumwuliza mkewe "nimekonda?" Anaweza hata kuambiwa akimbie makusudi mpaka moyo umdunde, kisha asipime!

Naiomba Wizara ya Afya na vyuo vyetu waiandae tiba hii kwa Kiswahili, mtaalamu akae hospitali ya Ligula, Mtwara, awahudumie wa Newala, Nachingwea hata Liwale. Bando ni shida, najua, na simu ya nyumbani hushikwa na wengi. Mgonjwa achunguzwe kwanza hospitali, na anayefikiria kujiua asiachiwe tiba ya simu peke yake, aonwe na mtu ana kwa ana.

Sisi wenye maduka tunataka tu mahali pa kumwelekeza. Kwa sasa namwuzia mashine ya presha, na faida yake ni nzuri.

Muuza dawa,
Masasi, Mtwara