Barua kwa mwanangu aliyeanza uhandisi wa umeme

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na kuisoma zaidi ya mara moja, kwanza kwa furaha ya mzazi, kisha kwa makini ya fundi, maana umenieleza mipango yako ya miaka minne ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa urefu ambao sikuutarajia. Nimeelewa kwamba unataka kujikita katika uzalishaji na usafirishaji wa umeme, na kwamba kilichokuvuta ni bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Chaguo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ni sentensi moja tu iliyonikosesha usingizi, pale uliposema kwamba hisabati za mwaka wa kwanza utazivuka tu, ili ufike haraka kwenye umeme wenyewe.

Wiki iliyopita nililetewa mota ya mashine ya kusaga, ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, kila fezi na koili zake. Nilipoifungua nilikuta koili za fezi mbili zimeungua, nyeusi tititi, vanishi imekuwa masizi, ilhali za fezi ya tatu ziling'aa kama zilizosukwa jana. Kwa miaka yote niliyosuka mota nimejua maana ya alama hiyo: fezi moja ilikatika, mwenye mashine akaendelea kusaga, mota ikanguruma hadi ikaungua. Najua pia kwamba iliyofungwa stari, koili zikiungwa pamoja katikati kama nyota, huunguza fezi mbili, na iliyofungwa delta, koili zikiungwa kama pembetatu, huunguza moja. Lakini kijana ninayemfundisha kazi aliponiuliza mkondo ulizidi kwa kiasi gani, na kinga, yaani kifaa cha kukata umeme mkondo ukizidi, ilipaswa kuwekwa kwenye amperi ngapi ili iukate mapema, sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya mazoea yangu. Hilo liliniuma, mwanangu.

Jibu lake limo katika hizo hesabu unazotaka kuzivuka. Fezi tatu zinazopishana kwa nyuzi 120 huandikwa kwa namba changamani, yaani namba zenye sehemu mbili, zinazobeba kwa pamoja ukubwa wa umeme na mpishano wake, na anayepanga kinga ya njia ya kilovolti 400 kutoka Rufiji hadi Chalinze hukokotoa hitilafu kwa namba hizo hizo. Kwa hiyo nakuomba, mwaka huu wa kwanza uupe hisabati saa nyingi kuliko somo jingine lolote, na swali lisilokuelea umpelekee mwalimu wiki hiyo hiyo, usilisubirishe hadi mtihani.

Kuhusu kujifunza kuandika programu za kompyuta, sina kipingamizi, jifunze.

Mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu ndiyo yenye neno zaidi. Umeandika kwamba ungependa ofisi ya mjini yenye kompyuta nzuri. Mimi ningefurahi zaidi ukiomba Kidatu, ambako mitambo iko chini ya ardhi na imekuwa ikizalisha umeme tangu miaka ya 1970, megawati 204 kwa mashine nne, tena ni mkoani kwetu. Michoro utaichora miaka yote ijayo, lakini nafasi ya kusimama kando ya mashine inayozunguka, ukasikia tofauti ya mlio wake mzigo unapoongezeka, si rahisi kuipata baadaye. Maombi yapelekwe mapema, kwa kuwa nafasi hugombaniwa. Usajili wa Bodi ya Wahandisi, ambao kwa daraja la mhandisi mtaalamu hudai miaka isiyopungua mitatu ya kazi baada ya shahada, tutauzungumza wakati wake ukifika.

Mama yako amekutumia unga na dagaa kwa basi la kesho asubuhi, ukavichukue stendi. Ile mota nimekwisha kuisuka upya na mwenyewe ameichukua, ila koili zake za zamani, nyeusi na zile nzima, nimeziweka kwenye boksi chini ya benchi la karakana. Ukija likizo, njoo na daftari lako la hisabati, tukae na yule kijana, umwonyeshe mkondo ulivyozidi.

Baba yako