Zuhura, korosho si njugu?

Kibokoni, Mombasa
Ijumaa usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, mama akusalimu sana, na mzigo uliompa Mishi umefika, ahsante. Nimekaa kimya miezi, nisamehe. Leo usingizi umenikataa.

Jumapili walikuja mkahawani kwetu mama na mtoto wa miaka kama sita, watu wa Nairobi. Mama akamwambia Mwanajuma waziwazi kuwa mwanawe ana aleji ya njugu. Mwanajuma hakupuuza, aliingia jikoni akauliza: biriani ina njugu? Athmani akajibu haina. Na kweli haina. Rojo lilikuwa na korosho! Tangu Ramadhani anasaga kidogo anatia ili liwe zito, na wateja wamelipenda.

Kwetu njugu ni zile za kashata, na korosho ni korosho. Yule mama aliposema njugu alikusudia jamii nzima, korosho, lozi, zote. Hakuna aliyesema uongo, Zuhura, na mtoto matonge matatu tu midomo ikavimba, shingo ikajaa vipele, akawa anakohoa kama aliyepaliwa. Mamake akatoa sindano ya adrenalini mkobani akamchoma pajani papo hapo, juu ya suruali. Kichwa chake nilikishika mimi. Tukakimbia na tuktuk hospitali, wakamlaza mpaka asubuhi maana dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Alhamdulillahi, ni mzima. Yule mama hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Athmani ashikilia kwamba moto huua kila kitu. Nimemwambia hiki si kidudu, ni chakula chenyewe, hata kikitokota kutwa mwili wa mtoto utakitambua. Na mafuta je? Viazi karai vyetu tunavikaanga mlemle tulimokaanga kamba. Anayedhuriwa na kamba akiagiza viazi peke yake, tumempa nini? Bibi aliposema ngisi ni mzio wake, alipikiwa chungu chake mbali na hakuna aliyemwona anadeka. Sisi leo mtu akisema "sili kitu fulani" twadhani anachagua.

Korosho nimeziondoa kwenye rojo, atakaye ataletewa kibakulini. Na Mwanajuma haulizi tena "ina njugu?" Anauliza "umetia nini?" na Athmani ataje kimoja kimoja, hata kama amenuna. Lakini bado narudi palepale: ningekuwa jikoni siku ile, nami ningejibu haina.

Sasa nisaidie. Ulinieleza kwamba huko Uingereza tangu 2014 mkahawa lazima uweze kumwambia mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vya mzio. Waweza kunitumia picha ya ile karatasi iliyo ukutani jikoni mwenu? Ufuta umo? Kamba na pweza vimewekwa pamoja au mbalimbali? Karai mnatenga, au mnaosha tu? Na mtu akiwa na mzio wa kitu msichoweza kukiepusha, mnamwambiaje asijione amefukuzwa? Mtoto wako ameshaota meno? Utakuja lini?

Nijibu kabla ya Jumapili. Yule mama amenipigia, watapita tena kabla ya kurudi Nairobi. Mtoto anataka biriani.

Wako,
Rukia