Mwanangu, hio Jumamosi ya Tiwi isogeze wiki moja

Mwanangu,

Huku sote wazima, babako anakusalimia. Meseji yako nimeisoma ya kwamba nyinyi wanne mnataka kutembea ufuoni kutoka Diani mpaka Tiwi, na nimefurahi wallahi, maana wenzako hao wa bara wakishuka pwani kazi yao ni kulala kando ya swimingpuli na kupiga picha basi. Lakini hio Jumamosi mliochagua hapana. Nimehesabu, itakua mwezi 22 wa kuandama, maji mafu, yani bahari haitoki mbali, na siku izo bahari inajaa kama saa nne asubuhi, yani wakati uleule mtakaokua mnafika pale Kongo, mto Mwachema unapoingia baharini. Ngojeni Jumamosi ya pili yake mwezi uwe 29. Hapo ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka mbali sana, saa nne mtakuta maji yametoka mpaka mwambani huko na mto mnavuka kwa miguu. Hao wenzako wataangalia wikendi na bei ya basi, wewe ni mtoto wa pwani, angalia mwezi. Kwenye simu pia saa za maji zipo, tafuta za Mombasa ulinganishe.

Ule mto Mwachema ndio shughuli yenyewe, kwingine ni mchanga tu. Na bamvua usilione limetoka mbali ukadhani litakungoja, kati ya kupwa na kujaa hapo ni karibu mita 4, sasa yakianza kurudi lisaa la kwanza utaona kama bahari imelala, ikifika la tatu na la nne yanakuja mbio mpaka unashangaa. Kwahivyo muondoke Diani saa moja asubuhi, si saa moja ya kuanza kutafutana viatu, saa tatu muwe Kongo. Mkishavuka msirudi kwa ufuoni. Upande wa Tiwi majabali mengine yameingia mpaka majini, maji yakijaa huna pa kupita, na mto saa hizo hauvukiki, asiniambie mtu eti anajua kuogelea, na begi mgongoni? Ikifika saa tano pandeni juu, muite boda iwatoe mpaka barabara kuu mchukue matatu. Ile njia ya kutoka ufuoni hadi barabarani msiitembee kwa miguu, watu wameporwa pale. Na kama Ijumaa kumenyesha sana huko Kwale juu, ghairini, mto unashuka na tope na huoni unakanyaga nini.

Pale Kongo kuna msikiti wa zamani sana chini ya mibuyu, na bado unasaliwa, kwa hivyo mnaomba ruhusa kwanza, viatu nje, na wasichana wabebe leso ya kujifunga. Leso utaifanyia mengi, jua la kaskazi likikolea ndio kivuli chenu.

Viatu ni raba kuukuu, ndala utaziacha mwambani vipande. Kule mwambani kuna vile vidude vyeusi vya miiba na kuna samaki anajifanya jiwe kabisa, ukimkanyaga utalia mpaka jioni, mtu akichomwa ni kuloweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia na kumpeleka hospitali hapohapo, musikae mkijaribu dawa za vichochoroni. Yale makombe mazuri ya madoadoa kama yako hai usiyashike, mengine yana sumu ya kuua mtu. Muache kila kitu palepale.

Maji lita mbili kila mtu, sio lita mbili za wote wanne. Madafu mtapata Diani lakini msiyategemee huko mbele. Mahamri funga ndani kabisa ya begi, tumbili wa Diani hawana adabu, wanafungua zipu mbele ya macho yako. Simu ijae chaji na itiwe kwenye kifuko kisichoingia maji. Mabichiboi wakiwafuata jibu kwa Kiswahili cha kwenu na salamu yake, wataachana na nyinyi.

Huyo mmoja uliosema anaumwa na goti nitumie jina la dawa anazotumia, na uniambie saa mnatoka, mkifika Kongo nipigie. Pesa za boda nitakurushia kwa M-Pesa Ijumaa usiku, nikikutumia mapema utazila chipsi.

Mamako