Nimekwama, na nina ombi

Mambo vipi Rhobi, wazima huko? Najua nimepotea, usinianze. Simu ililowa namba zote zikaenda, na hata zisingeenda nisingekupigia maana ningekulilia tu.

Propozo yangu ya utafiti wa siasa imerudishwa mara ya tatu bana. Eti haina namba. Msimamizi anataka dodoso na watu 400, ile fomula ya Yamane ya kukokotoa uhoji watu wangapi, inayompa kila mtu 400 hata akichunguza mbu. Darasani kwetu mmoja anafukua mafaili ya Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijijini enzi za Nyerere, mwingine anahesabu maneno kwenye Hansard, kumbukumbu za Bunge, Kelvin yeye nusu ya watu anawatumia sms nusu hawapati halafu anaangalia nani kaenda kupiga kura, na wote hao propozo zimepita. Mimi nikisema nataka kukaa kijiweni nisikilize watu naambiwa huo ni umbea.

Haya, dodoso nikalijaribu mtaani, Mbagala. Mzee mmoja kajibu yote vizuri, serikali anaiamini sana, diwani anamwamini sana, mwisho ananiuliza, kwani umetumwa na nani? Nikamwambia ni wa chuo. Akacheka, akasema lete hiyo karatasi nirekebishe kidogo. Sasa we niambie, hiyo programu ya takwimu, SPSS, itamjuaje huyo mzee?

Ila kuna kitu kimenikaa kichwani. Daniel Posner, mtafiti wa siasa, kwenye makala yake ya 2004 alichukua vijiji jirani kabisa vya Wachewa na Watumbuka, mpakani Zambia na Malawi. Upande wa Zambia wanaelewana kama ndugu, wakivuka Malawi wanaangaliana kwa jicho baya, na mila zao ni zilezile! Anasema ni hesabu ya siasa tu, Malawi kila kabila ni kubwa la kutosha kumbeba mgombea, Zambia yote mawili ni madogo kwa hiyo hawana cha kugombania. Nikawaza Sirari yetu na Isebania ya Kenya, huko kwenu Wakurya mpakani. Koo ya Wakira si iko pande zote mbili? Koo ina uzito uleule kwenye kura huku na kule au mpaka umeibadilisha? Hapo dodoso nitalibeba, sikatai, ila kwanza nikae, wasinione kama yule mzee alivyoniona.

Ndiyo ombi lenyewe. Mama mdogo bado yuko Sirari? Anaweza kunipokea wiki mbili, na chakula nitachangia? Kuna mzee wa koo wa kunitambulisha kabla sijapeleka barua ya kibali kwa DAS, katibu tawala wa wilaya? Kikurya changu cha salamu mbili kitanifikisha au watanicheka? Na wewe ndoa vipi, Mwita kamaliza mahari au bado anadaiwa?

Salum